Siku Nilizomrudishia Watakoma Ushujaa

Jumatatu, 7 Juni 1993

Aibu! Aibu ya mchana kweupe, mbele ya Wakristo wote wa Mjimwema.

Jana ilikuwa Sikukuu ya Utatu Mtakatifu. Tukatoka misa ya pili. Mimi mbele, mke wangu Benigna nyuma, mbwa wangu Watakoma pembeni, kifua mbele kama mwenye mbwa. Tukapita bucha ya nguruwe. Pale amesimama jirani yangu Beda, fundi cherehani, na kijibwa chake. Jike! Fupi! Miguu kama ya kigoda! Jina lake Tumenyamaza.

Jina hilo lina historia. Mwaka juzi nilipopunguzwa kazi ya ukarani wa ghala kule ushirika, watu mtaani walicheka chinichini. Nikatafuta mbwa, nikampa jina la Watakoma. Kila jioni nasimama uani, namwita kwa sauti. Ujumbe unafika. Haukupita muda Beda naye akaleta mbwa, akamwita Tumenyamaza. Anamwita mara moja tu, tena polepole. Hilo ndilo linaloniudhi.

Basi mwenye bucha akatupa mfupa. Nikamwambia Watakoma awaoneshe watu kazi. Nilimsukuma kidogo kwa goti, sikatai. Tumenyamaza akamkamata sikio, akamwangusha, akamkalia. Akamkalia! Watakoma akalia sauti ambayo sitaiandika. Kanisa zima likacheka, na wanakwaya bado wamevaa majoho. Beda hakucheka. Alimwita mbwa wake, akaniambia pole. Afadhali angenitukana.

Tangu jana Watakoma yuko uvunguni mwa kitanda. Mbwa akibweka mtaa wa pili, kitanda chote kinatetemeka.

Jumanne, 8 Juni

Mambo ni mazito kuliko nilivyoandika jana.

Kuna kijana anaitwa Selestine, mfanyabiashara. Zamani mahindi yalinunuliwa na ushirika tu. Siku hizi ruksa, mwenye mfuko ananunua. Selestine amejenga ghala Mshangano na anatafuta mlinzi mwenye mbwa. Mwezi uliopita nilimweleza kwamba mimi ni Mkurugenzi wa kampuni ya ulinzi. Kampuni ni mimi na Watakoma. Kibao nimeshaandika, rangi ya bluu: F. MAPUNDA, ULINZI NA MBWA MKALI. Atatupima Jumamosi ya tarehe kumi na tisa. Ana mbwa wake wawili palepale ghalani, na wangu lazima afanye kazi pamoja nao. Sasa atafanyaje kazi na mbwa, wakati akisikia mbwa anaingia uvunguni?

Benigna ameshikia bango jambo moja. Kaka yake Tadei atapita hapa kesho yake, Jumapili ya tarehe ishirini, na lori la tumbaku kutoka Namtumbo. Nguruwe pori wanamchimbia mihogo, anahitaji mbwa. Watakoma akishindwa ghalani, anapanda lori. Nikapinga. Nikazungumza kwa kirefu juu ya heshima. Benigna alikuwa anapepeta mchele, hata hakuinua macho.

"Baba Hilda," akasema, "nyumba hii inaweza kulisha mmoja asiye na kazi. Wawili, hapana."

Nikamuuliza anamsema yupi. Akaendelea kupepeta.

Nampenda mbwa huyu. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Baada ya kupunguzwa kazi asubuhi zilikuwa ndefu sana. Niliendelea kuamka alfajiri, kuvaa shati la kazini, na kutoka bila kujua naenda wapi. Ni yeye aliyekuwa ananifuata. Hakuwahi kuniuliza.

Usiku nimelala kifudifudi sakafuni, nimemsimulia habari za wahenga. Kwamba sisi Wangoni tulitoka kusini kwa miguu, tukavuka mito mikubwa, na hakuna mahali popote katika historia panaposema tulikaa uvunguni. Alisikiliza vizuri. Akanilamba pua.

Jumatano, 9 Juni

Dawa ya ukali wa mbwa inajulikana tangu enzi: nyigu. Unawakamata, unawaponda na pilipili, unachanganya kwenye ugali. Mbwa akila, ukali wa nyigu unahamia moyoni mwake.

Kiota kilikuwepo, kwenye paa la choo. Mpango wangu ulikuwa safi: ngazi, moto wa nyasi, gunia la kuzibia. Sikupanga kwamba ngazi itateleza. Nimeumwa kwenye kope, mdomoni na mahali pengine ambapo Benigna peke yake ndiye anayeruhusiwa kupaona, naye amekataa kupaona.

Lakini nyigu niliwapata! Watano, wamekufa kishujaa. Watakoma alikula ugali wote, akabakiza nyigu ukingoni mwa sahani, wamepangika vizuri. Pilipili alikula. Alikunywa maji ndoo nusu, akarudi uvunguni.

Hata hivyo nimeona mabadiliko machoni mwake. Ukali unachipua. Hayo ni kwa jicho moja, la pili halifunguki.

Alhamisi, 10 Juni

Nimelala ndani, uso kama boga. Benigna amekwenda shamba la Mshangano kuvuna mahindi na amemchukua mbwa wangu. Anasema mgonjwa mmoja ndani anatosha. Amemfunga kamba na kumvuta kutoka uvunguni kama anavuta gunia.

Halafu nini? Amekwenda na Oliva! Oliva ni mke wa Beda, mashamba yao yamepakana na letu. Na Oliva alikuwa na Tumenyamaza! Nimemuuliza Benigna jioni kama ana akili timamu. Amenijibu kwamba barabara ni pana. Oliva alitembea upande ule na mbwa wake, yeye upande huu na wangu, wakawa wanapiga soga kwa kupaza sauti. Watakoma alivuta kamba kutaka kurudi nyumbani hadi walipofika darajani, kisha akachoka kuvuta, akatembea.

Wanawake hawajui mbinu za kivita. Kumwonesha askari aliyejeruhiwa adui yake mchana kutwa! Nimeongeza pilipili.

Ijumaa, 11 Juni

Uvimbe umeshuka, akili imerudi. Nimegundua kosa. Watakoma anahitaji mbwa wa kuanza naye, asiyemzidi nguvu hata chembe. Yuko wapi mbwa kama huyo? Kwenye kioo!

Kabati letu lina mlango wa kioo kirefu, zawadi ya harusi kutoka kwa Tadei. Nikaung'oa mlango, nikaubeba hadi uani, nikauegemeza kwenye mpapai. Nikamleta Watakoma. Akamwona mwenzake. Nikajificha nyuma nikabweka kidogo ili kioo kisionekane bubu.

Akatazama. Akainamisha kichwa, mwenzake naye akainamisha. Akaja karibu. Akanusa! Nilifurahi mno nikachungulia kutoka nyuma kuona anavyonusa. Kwa bahati mbaya nilikuwa nimeushika mlango huo kwa mkono, nikauachia. Kioo kiko vipande vitatu. Watakoma yuko uvunguni.

Benigna alichukua ufagio, akafagia. Kesho anaondoka tena mapema kwenda shamba, na mbwa, na Oliva. Sikuwa katika hali ya kumkataza.

Jumapili, 13 Juni

Sikukuu ya Ekaristi. Maandamano makubwa, maua barabarani, nyimbo. Nilishika nguzo moja ya hema la kumfunika Padri. Heshima kubwa! Nguzo ya pili alipewa Beda. Tulitembea sambamba kutwa, nguzo kwa nguzo, bila kuangaliana. Niliinua yangu juu kuliko yake. Hema likapinda upande wake, Padri akaanza kuungua jua, nikaombwa nishushe.

Lakini Roho Mtakatifu hakuniacha mikono mitupu. Katikati ya wimbo nimepata wazo. Kesho.

Jumatatu, 14 Juni

Wazo ni hili. Mkristo anapoimarishwa anapata nini? Kipaimara. Askofu anamgusa shavu, anampa jina jipya, anatoka askari wa Kristo. Mimi mwenyewe kabla ya kipaimara nilikuwa naogopa giza.

Sikufanya kufuru. Maji ya baraka sikugusa. Nilimkalisha tu Watakoma chini, nikavaa koti la suti, nikamgusa shavu la kulia na kumtangazia kwamba kuanzia leo anaitwa Jenerali. Jina la zamani, lenye kumbukumbu za bucha, limefutwa. Alinyoosha mguu akajikuna.

Benigna amerudi shamba akanikuta bado nimevaa suti. Ameuliza kuna msiba wa nani. Nilipomweleza, akasema atamwachia Padri jambo hili, na kwamba yeye hana nafasi ya kumwita mbwa kwa cheo. Ataendelea kumwita Watakoma.

Amesema pia kwamba leo walitembea upande mmoja wa barabara. Mbwa wa Oliva mbele, wangu nyuma. Walipopumzika kula, kila mmoja alilala kwenye kivuli chake. Namnukuu tu. Sioni maana yake.

Jumatano, 16 Juni

Leo nimejitoa mhanga.

Nilifikiri hivi: Jenerali anahitaji kushinda. Mara moja tu! Akionja ushindi, kazi imekwisha. Ni mbwa gani atakubali kushindwa? Hakuna. Basi mimi.

Nilingoja Benigna aende mashine ya kusaga. Nikajifunika ngozi ya mbuzi ya babu, nikatambaa nyuma ya jiko nikinguruma. Nilinguruma vizuri sana, kuku walikimbia. Jenerali alikuja mlangoni. Akanisikiliza. Akatembea taratibu hadi nilipo, akaninusa kisogo, akajilaza mgongoni mwangu na kupumua kwa raha. Nikanguruma zaidi. Akapitiwa na usingizi.

Hapo nikainua macho. Beda, juu ya uzio, na uzi mdomoni. Hajui kucheka mtu huyu. Akanisalimia, habari za jioni. Nikajibu nzuri, natafuta kifungo cha shati. Akatikisa kichwa taratibu, akaenda zake.

Nusu saa baadaye akaja Oliva na kifungo. Cheupe, matundu manne. Ametumwa na mumewe. Nikapokea.

Kwa upande wa mafunzo: mbwa alinikalia mimi. Mimi nilikuwa adui. Kwa hiyo ameshinda! Nimeandika ushindi.

Ijumaa, 18 Juni

Kesho ndiyo kesho.

Benigna ameanza kukunja gunia la Watakoma la kulalia, ati Tadei asisubirishwe Jumapili. Nimelikunjua. Amelikunja tena. Tumefanya hivyo mpaka ugali umepoa. Mwisho akakaa kitandani akasema hata yeye hapendi mbwa aondoke, ila haoni njia. Nikataka kusema kitu kizuri. Nikasema mkurugenzi hashindwi. Sijui kwa nini.

Usiku kuna baridi ya Juni hasa. Jenerali analala miguuni kwangu, juu ya blanketi. Juu! Si uvunguni. Nyigu wanafanya kazi.

Jumamosi, 19 Juni

Nitaandika yote, hata yale ya pembeni.

Nilifika ghalani Mshangano nimevaa suti, kibao changu kwapani, Jenerali kwa kamba. Selestine akanipa shikamoo, kijana ana adabu. Mbwa wake wawili walikuwa wamefungwa karibu na mlango. Vitu vikubwa, vyeusi, vichwa kama vya ndama. Nikahisi kamba inavutwa kurudi nyuma. Baadaye niligundua ni mimi niliyekuwa navuta.

Selestine akawafungulia. Nikamwambia kwa sauti atazame sasa kazi ya mbwa wa Mngoni. Nikafungua kamba. Nikanyoosha kidole. Nikatoa amri: Jenerali, shambulia!

Hakugeuka hata sikio. Alinitazama kama mtu anayesubiri basi la kwingine. Nikarudia. Wale weusi wanakuja, manyoya yamesimama. Nikarudia kwa Kiingereza. Hakuna! Nikaliona lori la Tadei. Nikaiona asubuhi ya Jumatatu, mimi na shati langu la kazini, na nyuma yangu hakuna kitu.

Wakati huohuo wakatokea Benigna na Oliva, wanatoka shambani na viroba kichwani, Tumenyamaza anawafuata. Benigna hakupaza sauti. Alisema tu, "Watakoma, njoo huku," na akaendelea kutembea.

Akaenda! Mkia uko sawa, si juu si chini. Akapita kwa kuzunguka, pembeni ya wale weusi, bila haraka, kama anavyopita barabarani. Tumenyamaza akapita naye, bega kwa bega. Wale weusi wakasimama. Wakanusa. Watakoma akasimama akanuswa! Akanusa na yeye. Dakika ya kwanza sikupumua. Dakika ya pili yule mkubwa mweusi aligeuka, akajilaza kivulini, na mbwa wangu akajilaza karibu yake kama wamezaliwa pamoja.

Nikaona kazi imepotea. Nikamwomba Selestine radhi. Nikamwambia mbwa ana homa, kwa kawaida angekuwa amewararua wote wawili. Nikamwomba siku moja ya ziada. Nilikuwa nimeshika kibao changu kwa mikono miwili, sikujua nakificha wapi.

Selestine akanishika bega.

"Mzee, mbwa wa kupigana ninao," akasema. "Mlinzi aliyepita alileta wa namna hiyo. Walipigana usiku kucha, mwizi akabeba magunia huku anawatazama. Mimi nataka anayelala na wenzake na kuamka kwa mwizi."

Ameajiriwa! Watakoma ameajiriwa! Halafu Selestine akauliza anamsikiliza nani, maana ameona mwenyewe. Kwa hiyo Benigna amepewa usimamizi wa ghala, atashika ufunguo na kupokea mahindi mchana. Mimi nitalala hapo usiku na mbwa. Cheo changu ni msaidizi wa msimamizi. Kwa lugha ya kampuni, hiyo ni Naibu Mkurugenzi, na mtu hapandi ngazi kwa kuruka.

Njiani nilitembea mwisho. Sikutaka waone macho yangu. Vumbi la Mshangano ni baya sana.

Jumapili, 20 Juni

Tadei alifika na lori. Nimempokea kwa mbwembwe, nimemweleza kwamba mbwa huyu sasa ni mwajiriwa, hapandi magari ya watu. Alicheka, akala, akauliza kabati limepatwa na nini. Nikamwambia mafunzo ya kijeshi. Ameondoka peke yake. Nilipungia lori mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida ya shemeji.

Kabla ya hapo, baada ya misa, tulipita bucha. Watu wote walikuwepo. Mwenye bucha akatupa mfupa, mjinga yule hasahau. Watakoma na Tumenyamaza wakaufuata pamoja. Nikashika pumzi. Wakalala chini, mmoja ncha hii, mwingine ncha ile, wakatafuna. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja akasema, jamani, tazameni. Nilivimba kwa fahari. Nyigu, kioo, kipaimara, ngozi ya mbuzi! Kazi ya mtu mmoja! Nimewaeleza wote waliokuwa na nafasi ya kusikiliza. Benigna na Oliva walikuwa wanatazamana. Nadhani ni kwa mshangao.

Ndipo Beda akanisogelea. Beda, asiyesema. Akasimama karibu yangu, tukawa tunawatazama mbwa. Aliniambia polepole, kama anavyomwita mbwa wake:

"Mlongo wangu, hawa wamepatana. Na sisi je?"

Miaka miwili hakuna mtu mtaani aliyeniita mlongo wangu, yaani ndugu. Tangu niondoke ushirika hakuna. Nilitaka kumpa mkono. Mkono ulishatoka mfukoni.

Lakini nikafikiri. Kwa nini aombe amani leo? Mtu anaomba amani lini? Akishindwa! Watu walikuwa wanatazama. Nikarudisha mkono mfukoni, nikamjibu kwamba ombi lake nimelipokea na masharti nitamletea. Sharti la kwanza, akiri hapohapo buchani kwamba tarehe sita mbwa wake ndiye aliyekaliwa.

Beda hakukasirika. Akasema haya, nitakuwa nyumbani. Akapiga mluzi mdogo, akaondoka.

Tumenyamaza akamfuata. Na Watakoma akamfuata! Wangu! Bega kwa bega na yule jike, mkia unatikisika, bila kugeuka. Nimemwita mara nne kwa majina yote mawili. Mpaka sasa naandika, jua linazama, yuko uani kwa Beda na namsikia anacheza. Benigna naye yuko huko, wanakunywa chai. Nimebaki mimi peke yangu na kibao.

Huu ni utekaji. Tumemponya mbwa kupita kiasi, kila mtu sasa ni rafiki yake. Kesho alfajiri, kabla Benigna hajaamka, naanza kumfundisha kuwaogopa wanaosalimia.